Binti yangu wa kidato cha tano (PCB) ameshuka muhula wa kwanza: je, aache klabu zote?

Mama wa Songea aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu, hasa walimu na wale waliopita kidato cha tano na cha sita kwa masomo ya sayansi. Binti yangu wa kwanza alichaguliwa kujiunga na kidato cha tano, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), katika shule ya bweni ya wasichana mkoani Iringa, akaripoti mwezi Julai. Kidato cha nne alipata daraja la kwanza la pointi 12, na katika Kemia na Baiolojia alikuwa na A. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne na baba yake ni fundi seremala, kwa hiyo nyumbani hakuna anayejua mambo ya ngazi hiyo yanavyokwenda.

Amerudi likizo ya Desemba na ripoti iliyotuvuruga sote: Baiolojia C, Kemia E, Fizikia F, na BAM, ile hisabati ya msingi wanayoisoma wasiochukua Hisabati ya juu, nayo F. Katika karatasi hiyo hiyo, sehemu ya maoni ya mwalimu wa darasa, imeandikwa kwamba ni mwanafunzi mwenye nidhamu na anayeshiriki vizuri shughuli za nje ya darasa. Baba yake alisoma sentensi hiyo mara mbili, akauliza hizo shughuli ni zipi. Hapo ndipo tulipojua kwamba yumo katika klabu tatu: klabu ya mdahalo, klabu ya sayansi, na klabu ya mazingira ambayo yeye ni katibu wake. Baba amesema akirudi Januari aandike barua ya kujitoa kote, abaki na madaftari yake tu. Binti amelia. Anasema Fizikia darasa karibu zima limeanguka, na kwamba klabu ndizo zilizomfanya aizoee shule alipokuwa mgeni.

Mimi nipo katikati. Sitaki mtoto apoteze nafasi ambayo sisi hatukuipata, na tangu ada ya kidato cha tano na sita ilipofutwa mwaka 2022 hatuna hata kisingizio cha fedha. Lakini pia sitaki nimkate mkono mtoto aliyekuwa mkimya tangu utotoni na ambaye sasa, kwa mara ya kwanza, anasimama mbele ya watu akaeleza jambo likaeleweka. Nauliza: kushuka hivi muhula wa kwanza ni jambo la kawaida, au ni dalili mbaya? Mwaka wa kidato cha tano unakwendaje hasa, na klabu zinakaa wapi ndani yake?

Mwalimu wa Kemia alijibu:

Mama, pole kwa wasiwasi, na hongera kwa kuuliza kabla ya amri kutolewa. Nimefundisha Kemia kidato cha tano na sita kwa miaka 17, na sita kati ya hiyo nilikuwa mwalimu wa taaluma, kwa hiyo ripoti za Desemba zinazofanana na hiyo nimezijaza kwa mkono wangu mwenyewe kila mwaka.

Nianze na jambo ambalo wazazi wengi hawalipigii hesabu. Binti yako alimaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, akaripoti kidato cha tano mwezi Julai. Hapo katikati kuna zaidi ya miezi saba ambayo wengi hukaa nyumbani bila kugusa daftari, kwanza wakisubiri matokeo ya Januari, kisha wakisubiri orodha ya waliochaguliwa. Anapofika shuleni hakuna anayemrudisha taratibu. Kidato cha nne alikuwa na masomo tisa au kumi, kila moja kwa kina cha wastani, na mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri aliweza kupata A kwa kusoma madaftari yake mara tatu. Sasa ana matatu ya tahasusi, BAM na masomo mengine ya lazima, na kila moja katika yale matatu lina mitihani mitatu kwenye mtihani wa taifa: karatasi ya kwanza na ya pili za nadharia, na ya tatu ya vitendo. Mbinu iliyompa A haimfikishi hata nusu ya njia, na mtoto aliyezoea kufaulu huchelewa sana kulitambua hilo, kwa sababu anaendelea kujituma vilevile kama zamani na kushangaa kwamba juhudi zile zile hazizai matunda yale yale.

Kuhusu Fizikia, maelezo ya binti yako yana ukweli ambao mzazi hawezi kuuona kwenye ripoti. Mwanafunzi wa PCB hasomi Hisabati ya juu kama mwenzake wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), anasoma BAM. Mwalimu wa Fizikia anapoingia kwenye mwendo na mitetemo anahitaji kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, na mara nyingi anaihitaji kabla mwalimu wa BAM hajaifikia. Mwenzake wa PCM anaijifunza karibu kila siku. Wa PCB anaitazama ubaoni kama maandishi ya lugha ngeni, anayanakili, na usiku anayakariri. Ndiyo maana utaona F ya Fizikia na F ya BAM zimekuja pamoja. Kwa maoni yangu hizo ni F moja, na tiba yake inaanzia kwenye BAM.

Sasa mwaka wenyewe. Muhula wa kwanza unaanza Julai na kuishia Desemba, ukiwa na mapumziko mafupi katikati. Muhula wa pili ni Januari hadi mwisho wa Mei au hapo karibu, na unafungwa na mtihani wa mwaka. Baada ya likizo fupi anaingia kidato cha sita, na wazazi wengi hudhani ule nao ni mwaka mzima wa kufundishwa. Sivyo. Mtihani wa taifa huanza mwanzoni mwa Mei, na miezi ya kabla yake huliwa na mtihani wa majaribio, masahihisho na marudio, kwa hiyo mada mpya zinatakiwa ziwe zimekwisha mapema kuliko mtu anavyodhani. Sehemu kubwa ya muhtasari wa masomo hubebwa na kidato cha tano, na ndani ya kidato cha tano muhula unaobeba zaidi ni huu wa Januari anaoutazamia. Hapo baba yake ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Lakini tupige hesabu kwa utulivu. Katika mtihani wa kidato cha sita A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, na daraja la kwanza ni jumla ya pointi 3 hadi 9 kwa masomo matatu ya tahasusi. Binti yako ana 3, 5 na 7, jumla 15. Akipandisha Baiolojia hadi B, Kemia hadi C na Fizikia hadi D, atakuwa na 9 kamili. Ni safari, ila inatembeleka, na ana miezi 16 ya kuitembea.

Tuje kwenye klabu. Shule nyingi hutenga alasiri moja au mbili za wiki kwa ajili ya klabu na michezo, baada ya vipindi, wakati ambao wanafunzi wasio na klabu mara nyingi wanafua au wanasuka nywele. Saa hizo siyo zinazomwangusha mtoto. Kinachomwangusha ni saa ambazo klabu inazimega nje ya ratiba: mazoezi ya usiku yanayokula muda wa kujisomea, safari za Jumamosi, na kazi za uongozi zinazofanywa wakati wengine wamelala. Kwa hiyo, kabla ya barua ya kujitoa, mkae na binti yenu mezani, aiandike wiki yake moja ya Oktoba, tangu kengele ya alfajiri hadi taa kuzimwa, siku baada ya siku. Msimhukumu wakati anaandika. Mtaona wenyewe ni klabu gani inakaa ndani ya saa zake na ni ipi inayotoka nje.

Niongeze tukio moja, kwa sababu nalikumbuka kila ninapofungua maabara. Klabu yetu ya sayansi ilikuwa ikitengeneza sabuni ya miche kwa mafuta ya mawese na kostiki soda. Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha tano, wa kawaida kabisa darasani, ambaye kazi yake katika klabu ilikuwa kupima. Wiki tulipofanya titresheni kwa mara ya kwanza, yaani kupima tindikali inayotosha kumaliza nguvu ya alkali, tindikali kwenye buret (mrija wenye vipimo na kilimi chini), alkali kwenye chupa pamoja na matone ya methili oranji, rangi inayogeuka alkali inapokwisha, karibu wanafunzi wote walikifungua kilimi cha buret kama bomba la maji, na rangi ya njano ikaruka moja kwa moja hadi nyekundu. Yeye aliposogea karibu na kiwango alianza kuachia tone moja, anazungusha chupa, anatazama, anaachia jingine. Rangi ilipogeuka ya chungwa akafunga. Nilimwuliza nani amemfundisha. Akanijibu kwamba kostiki soda ikizidi kidogo sabuni inaunguza mikono, kwa hiyo amezoea kuogopa tone la mwisho. Mimi nilikuwa nimelieleza jambo hilo ubaoni kwa dakika 40.

Mhitimu wa PCB, Tabora, alijibu:

Shikamoo mama. Mimi nilisoma PCB na sasa nipo chuo mwaka wa tatu, nasomea maabara ya tiba. Ripoti yangu ya Desemba ya kidato cha tano ilikuwa mbaya kuliko ya binti yako, kwa hiyo naomba umfikishie salamu zangu.

Nilijiunga na mdahalo kwa sababu niliupenda, lakini ninapojikagua leo nakiri kwamba niliupenda zaidi pale Fizikia ilipoanza kunishinda. Darasani nilikuwa sielewi, na jukwaani nilikuwa napigiwa makofi. Kila tulipopewa hoja mpya nilikuwa wa kwanza kwenda maktaba, nikijiambia kwamba nasoma, na kweli nilikuwa nasoma, ila siyo kile nilichokuwa nakikimbia. Hilo binti yako anaweza kulijua yeye peke yake. Mwulize kwa upole kama siku za mdahalo ndizo siku anazojisikia nafuu kutokana na somo fulani.

Kilichoniokoa mimi ni klabu nyingine. Katika shule niliyosoma, mwalimu wetu wa Fizikia aliondoka mwezi wa tisa na hatukupata mwingine hadi muhula wa pili. Tulikaa wiki nyingi na kipindi kitupu kwenye ratiba. Dada zetu wa kidato cha sita waliokuwa katika klabu ya sayansi walituita Jumapili baada ya ibada, wakawa wanatupitisha mada moja moja kwa madaftari yao wenyewe. Hakuna mtu aliyewalipa wala kuwaamuru. Bila klabu ile nisingekuwa na njia ya kuwafahamu, kwa sababu kidato cha sita walikuwa na bweni lao na sisi tulikuwa tunawaogopa.

Muhula wa pili mimi na mwenzangu tuliandaa mradi tukiwa na nia ya kuupeleka kwenye mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Kwetu Tabora kila nyumba inawajua dumuzi, wadudu ambao wakulima wengine huwaita skania, walioingia nchini kupitia mkoa wetu miaka ya mwisho ya 1970 na kisha kusambaa kwenye maghala ya mahindi karibu kila mahali. Tulichukua makopo tisa, kila kopo punje 100 za mahindi na wadudu kumi. Makopo matatu tuliyaacha hivyo hivyo, matatu tukatia majivu ya jikoni, matatu tukatia majani ya mwarobaini yaliyokaushwa na kusagwa. Kila Ijumaa tulimwaga punje kwenye sinia jeupe na kuhesabu zenye matundu. Wiki ya tatu kopo moja la majivu lilikuwa na matundu mengi kuliko wenzake wawili, tukataka kulitupa ili mradi upendeze. Mlezi wetu alitukataza. Akatuambia tuliandike kama lilivyo, kisha tutafute kwa nini. Tulipolikagua tukakuta kifuniko chake kimepasuka, unyevu unaingia na majivu yameganda upande mmoja.

Hatukuchaguliwa kwenda Dar es Salaam. Lakini kwenye karatasi ya tatu ya Baiolojia, nilipoulizwa kueleza umuhimu wa kuwa na kipimo cha kulinganishia na kurudia jaribio, sikuhitaji kukumbuka chochote, niliyaona makopo yetu. Nilitoka na B ya Baiolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia. Nimetabasamu nilipoona mwalimu hapo juu amepiga hesabu hiyo hiyo.

Baba wa Morogoro alijibu:

Nimesoma majibu yote mawili kwa heshima, lakini naomba niseme upande ambao nimeuishi. Mwanangu alisoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), naye kidato cha tano alikuwa kiongozi katika serikali ya wanafunzi, mwanakwaya na msemaji wa mdahalo. Kila tulipomtembelea walimu walimsifu. Sisi tulifurahi, kwa sababu mzazi anaposikia mtoto wake anasifiwa hafikirii kuuliza anasifiwa kwa lipi. Wakati wa mahafali ya kidato cha sita waliomtangulia, yeye na wenzake wa kidato cha tano walikesha karibu wiki nzima wakipamba ukumbi, wakipokea wageni, wakifanya mazoezi ya nyimbo. Mtihani wa mwaka ulimkuta amechoka. Kidato cha sita alijaribu kufidia, lakini kama mwalimu alivyosema, muda ule ni mfupi kuliko unavyoonekana. Akapata daraja la tatu, na kozi aliyoitamani haikumpokea. Waliokuwa wanamsifu hawakuwepo siku tulipokaa naye mbele ya kompyuta tukitafuta chuo.

Sisemi klabu ni mbaya. Nasema mtoto wa miaka 18 hajui kusema hapana kwa mwalimu anayemwamini, na mwalimu mwenye shughuli atamwita yule yule anayeitikia haraka. Mama, kama hamtamwondoa, basi mumpe sababu ya kusema hapana. Mwambieni aseme wazazi wamekataa. Mwanangu aliniambia baadaye kwamba laiti ningemkataza, angeshukuru.

Mlezi wa klabu ya mazingira alijibu:

Nimeguswa na jibu la baba wa Morogoro, kwa sababu mimi ni mmoja wa walimu wanaomwita yule yule anayeitikia haraka. Nimelifikiria hilo tangu jana.

Naomba nichangie kitu kimoja kuhusu klabu ya mazingira, maana naifahamu kazi yake kwa mwaka mzima. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, Iringa ikiwemo, ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili. Vitalu vya miche huandaliwa kiangazi, yaani kuanzia Julai, na miche hiyo inataka maji asubuhi na jioni hadi mvua zitakapoanza. Katibu wa klabu ndiye mwenye orodha ya zamu, na anayekosekana zamu yake, katibu ndiye anayeshika ndoo. Binti yako aliingia shuleni mwezi ule ule kazi inapoanza kuwa nzito, akapewa ukatibu akiwa bado anatafuta njia ya kwenda maabara. Kuanzia Januari miche imekwishapandwa na mvua inaimwagilia yenyewe. Hadi Mei klabu inabaki na kazi ya kupalilia na kukutana mara moja kwa wiki. Kwa hiyo msipime muhula wa pili kwa mzigo wa muhula wa kwanza. Hata hivyo haifai aingie kidato cha sita mwezi Julai akiwa bado na ukatibu, na ningemshauri aanze sasa kumwandaa mwenzake, ili kidato cha sita kimkute mikono mitupu.

Na kwa baba yake, kama ataruhusu: asidhani kwamba klabu hizi ni mchezo ulioletwa kujaza ratiba. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikusanyika kwenye baraza la nyumba ya Jane Goodall jijini Dar es Salaam, yule aliyeanza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960, wakamweleza mambo yaliyokuwa yanawasumbua katika maeneo wanayotoka. Kikao kile kilizaa Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi vya vijana katika nchi nyingi duniani. Walikuwa wanafunzi wa sekondari, wenye madaftari na mitihani kama binti yako.

Mama wa Songea alirejea:

Mwalimu, baba, mlezi, nawashukuru sana. Na wewe binti yangu wa Tabora, marahaba, Mungu akutangulie katika masomo yako. Salamu zimefika, na mwenzako amezisoma mwenyewe.

Tulifanya kama mwalimu alivyoelekeza. Juzi usiku binti aliandika wiki yake ya Oktoba kwenye karatasi ya kalenda ya zamani, upande wa nyuma, na baba yake akapiga mistari kwa rula yake ya kazi. Kumbe klabu ya sayansi inakutana Jumatano alasiri tu. Ndoo za miche zilikuwa zinamwamsha saa kumi na nusu alfajiri siku nne za wiki, na alipofika kwenye kipindi cha kwanza, ambacho siku tatu kilikuwa Fizikia, alikuwa anasinzia. Mdahalo ulikuwa Jumamosi asubuhi, na hapo ndipo palipotushtua sote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza: Jumamosi asubuhi ndiyo muda ambao fundi wa maabara hufungua mlango kwa wanaotaka kurudia majaribio ya Kemia. Tangu Septemba hakuwahi kuingia hata mara moja. Aliitazama ile karatasi kimya, halafu akasema, "Mama, nilikuwa naona nina muda."

Swali la binti wa Tabora nililiuliza nikiwa jikoni naye peke yake. Sitaandika alichonijibu, ila lilikuwa swali sahihi.

Amepanga hivi, na baba yake amekubali. Klabu ya sayansi anabaki. Ukatibu wa mazingira atauendeleza hadi Mei huku akimfundisha mwenzake, kisha anaukabidhi. Mdahalo anausimamisha kwa muhula huu wote, na mlezi akimwita atasema wazazi wamekataa, maneno ya baba wa Morogoro kama yalivyo. Hilo lilimuuma, na sikujaribu kumwambia kwamba halimuumi. BAM tumempatia kijana wa jirani aliyemaliza PCM, amemfundisha kalkulasi siku tisa mfululizo kwenye baraza letu, na jana nilimsikia akimweleza mdogo wake wa darasa la sita kwa nini grafu ya umbali na muda ya gari linaloongeza mwendo huchorwa kwa mstari unaopinda. Mdogo wake hakuelewa. Lakini yeye alieleza hadi mwisho bila kufungua daftari.

Baba yake hakusema mengi. Ila juzi alimwuliza klabu ya sayansi inatumia vifaa gani, naye akamwambia kwamba mirija ya majaribio wanaisimamisha kwenye chupa za plastiki zilizokatwa na huwa inaanguka. Leo asubuhi nimekuta juu ya meza ya kazi kibao cha mninga kilichopigwa randa, kina matundu 12 yaliyotobolewa kwa mpangilio wa sita sita, na kingo zake zimepigwa msasa. Basi la kumrudisha shuleni ni Jumamosi. Kibao kimefungwa kwenye kanga na kiko ndani ya tranka, juu ya kitabu cha BAM. Shule yao hufanya jaribio mwezi Machi. Nitaleta alama hapa, ziwe zozote zile.